Kumfuata mume au mke Ujerumani: namna ya kuomba viza na kibali cha ukaazi

Mtu aliyefunga ndoa na mkazi wa Ujerumani haanzi kwa kuomba kibali cha ukaazi. Huanza kwa kuomba viza ya kitaifa ya kuungana na familia katika ubalozi wa Ujerumani wa nchi anayoishi, ambao kwa wengi wa wasomaji wa makala haya ni ule wa Dar es Salaam au wa Nairobi, na kibali chenyewe hukiomba akishafika, katika ofisi ya wageni ya mji anaohamia. Ofisi hiyo kwa Kijerumani huitwa Ausländerbehörde, na inafaa kulizoea jina hilo mapema, kwa sababu ubalozi kwa kawaida hautoi viza mpaka ofisi hiyo iridhie. Jalada hutoka ubalozini, huenda mjini kwa mwenza wako, hukaguliwa huko, kisha hurudi. Hiyo ndiyo sababu maombi huchukua wiki nyingi, na mara nyingi miezi, hata kama hayana kasoro yoyote.

Wapo wanaoshawishika kukata njia ya mkato: kuingia kwa viza ya matembezi ya Schengen, kufunga ndoa huko au katika nchi jirani kama Denmark, kisha kuomba kibali bila kurudi nyumbani. Kwa raia wa nchi zetu njia hiyo kwa kawaida hukwama, kwa kuwa sheria inataka mwombaji awe ameingia kwa viza iliyotolewa kwa lengo lilelile analoliombea kibali. Wengi hurudishwa kuanza upya ubalozini, wakiwa wameshatumia fedha za safari na za wakili.

Mwenza wako yuko kundi gani

Kabla ya kukusanya karatasi hata moja, pata jibu la swali hili: huyo unayemfuata yuko Ujerumani kwa hadhi gani? Masharti hutofautiana sana kati ya kundi moja na jingine, na ushauri wa jirani aliyemfuata mumewe miaka iliyopita huenda usikuhusu hata kidogo.

Ikiwa mwenza wako ni raia wa Ujerumani, kipato chake kwa kawaida si sharti, lakini wewe utatakiwa kuonyesha ujuzi wa Kijerumani wa ngazi ya A1, yaani ngazi ya kwanza kabisa. Ikiwa ni mgeni mwenye kibali, kwa mfano Mtanzania anayefanya kazi Hamburg, atatakiwa kuthibitisha kwamba mshahara wake unatosha kodi ya nyumba na matumizi ya wote wawili bila kutegemea msaada wa serikali, kwamba ana bima ya afya itakayokuhusu na wewe, na mara nyingi kwamba nyumba inatosha. Kipimo kinachotumika kwa nyumba ni takriban mita za mraba 12 kwa kila mtu aliyezidi umri wa miaka 6. Wenye Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, yaani kibali cha wafanyakazi wenye utaalamu wa juu, wamepewa nafuu kubwa, kwani wenza wao hawadaiwi cheti cha lugha kabla ya kuingia.

Kundi la tatu husahaulika. Ni la wenza wa raia wa nchi nyingine za Umoja wa Ulaya, tuseme Mkenya aliyeolewa na Mtaliano anayefanya kazi München. Huyu hufuata sheria ya Umoja wa Ulaya ya uhuru wa kusafiri na kuishi: viza yake haina ada, cheti cha lugha hakihitajiki, na akishafika hupewa kadi ya ukaazi ambayo kwa kawaida hudumu miaka 5. Ajabu ni kwamba aliyeolewa na Mjerumani anayeishi Ujerumani ana masharti magumu kuliko aliyeolewa na Mtaliano anayeishi mtaa huohuo, lakini ndivyo sheria ilivyo.

Kwa makundi mawili ya kwanza wanandoa wote wawili wawe wametimiza miaka 18, hata kama sheria ya mahali walipofungia ndoa inaruhusu umri mdogo zaidi. Aidha, mgeni ambaye tayari anaishi na mke mmoja Ujerumani hawezi kumleta mke wa pili kwa viza hii, hata kama ndoa hiyo ni halali kabisa nyumbani.

Cheti cha A1

Ningemshauri mwombaji aanze na lugha kabla ya jambo jingine lolote, maana karatasi zinaweza kupatikana kwa wiki chache lakini lugha haipatikani hivyo. Mtihani unaotumiwa na wengi ni ule wa Goethe-Institut uitwao Start Deutsch 1, unaofanyika Dar es Salaam na Nairobi. Una sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na anayepata alama 60 kati ya 100 amefaulu. Si lazima usome katika taasisi hiyo ndipo ufanye mtihani wake, na mtu aliyejifunza kwa mwalimu wa mtaani au kwa mtandao anaweza kujiandikisha kama mtahiniwa wa nje.

Sehemu ya kuzungumza hufanyika kwa vikundi na huwatisha watu bila sababu. Utajitambulisha, utataja herufi za jina lako na tarakimu za simu, utauliza na kujibu maswali mafupi, utaomba kitu kwa adabu. Anayejizoeza kusema kwa sauti kila siku, hata akiwa peke yake jikoni, huwa katika hali bora kuliko aliyejaza madaftari ya sarufi. Faida ya kujizoeza hivyo huonekana pia ubalozini, ambako afisa anaweza kukusemesha Kijerumani ili aone kama cheti na mwenye cheti vinalingana.

Kuna misamaha. Aliye mgonjwa au mwenye ulemavu unaomzuia kujifunza anaweza kusamehewa akileta uthibitisho wa daktari. Kwa wenza wa Wajerumani, Mahakama Kuu ya Utawala ya Ujerumani iliamua mwaka 2012 kwamba sharti la lugha lisiwatenganishe wanandoa bila kikomo: mtu aliyejitahidi kwa mwaka mzima bila kufanikiwa, au ambaye mazingira yake hayampi namna ya kujifunza, anaweza kuomba asamehewe. Atakayetumia njia hii atunze risiti za kozi, barua za mwalimu na matokeo ya mitihani aliyoshindwa, kwa sababu bila hivyo hana cha kuonyesha.

Hati za ndoa na majina

Hapa ndipo majalada mengi huchelewa. Cheti cha ndoa kinachotakiwa ni kile cha serikali. Kwa Tanzania Bara ni cha usajili unaosimamiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, kwa Zanzibar ni cha wakala wa usajili wa matukio ya kijamii, na kwa Kenya ni cha Msajili wa Ndoa. Karatasi aliyoitoa shekhe, padri au mchungaji siku ya ndoa ni ya thamani, lakini ikiwa ndoa haikupelekwa kusajiliwa, ifanyeni kazi hiyo kwanza. Ndoa ya kimila ya Kenya nayo inaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, na isiposajiliwa utapata shida kuithibitisha.

Tahadhari kubwa iwe kwa nikahi zinazofungwa kwa simu au video, bibi harusi akiwa Tanga na bwana harusi ameketi sebuleni kwake Berlin. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua kwamba ndoa ambayo wahusika wametamka ridhaa yao wakiwa katika ardhi ya Ujerumani lazima ifuate utaratibu wa Ujerumani, hata kama msajili yuko nje. Kwa hiyo ni salama zaidi bwana harusi apande ndege aje, ndoa ifungwe wote wakiwepo.

Kisha linakuja suala la majina. Watu wengi kwetu wana jina moja kwenye cheti cha kuzaliwa, jingine kwenye cheti cha shule, na la tatu kwenye kitambulisho cha taifa: Mohamedi na Muhammad, Mwanaisha na Asha, jina la babu lipo hapa na halipo pale. Nyumbani tofauti hizo hazimsumbui mtu, lakini afisa wa Ujerumani huona watu wawili. Panga hati zote mezani na uzilinganishe herufi kwa herufi, tarehe kwa tarehe, pamoja na hati za mwenza wako, kwa sababu jina lako huenda liliandikwa vingine alipojaza fomu zake huko miaka iliyopita. Panapotofautiana, rekebisha kwenye mamlaka husika au andaa hati ya kiapo kabla ya kuomba. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa ukubwani pia huzua maswali, hivyo kiambatishe na hati za zamani zaidi, kama cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki au cheti cha shule ya msingi.

Kwa hati za Kenya, ubalozi wa Ujerumani umeacha kuzihalalisha kwa muhuri, na badala yake huthibitisha yaliyomo kwa kumtuma mwanasheria anayeaminika kwenda kwenye madaftari ya usajili. Gharama ni ya mwombaji na muda huongezeka. Hati zote zisizo za Kijerumani zitafsiriwe na mfasiri anayetambuliwa, baada ya marekebisho, ili usilipie tafsiri mara mbili.

Ubalozini

Maombi huwasilishwa siku hizi kupitia tovuti ya huduma za kibalozi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani, kisha mwombaji huitwa kutoa alama za vidole na kuonyesha hati halisi. Kwa anayetakiwa kulipa, ada ni euro 75, hulipwa kwa fedha ya nchi, na hairudishwi. Miadi yenyewe ni bure, kwa hiyo dalali anayeiuza anakuibia.

Ubalozi ukiwa na shaka kwamba ndoa ni ya karatasi tu, wanandoa huweza kuhojiwa kwa wakati mmoja, mmoja ubalozini na mwingine Ujerumani, na majibu yakalinganishwa. Maswali ni ya kawaida: mlikutanaje, nani alihudhuria harusi, ndugu zake wanaitwa nani, anafanya kazi gani. Msikariri majibu. Kama hujui jambo, sema hujui.

Viza ikikataliwa, sababu huandikwa. Tangu Julai 2025 ule utaratibu wa kuuandikia ubalozi barua ya pingamizi umefutwa, na kilichobaki ni kufungua kesi katika Mahakama ya Utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja au kuomba upya. Ikiwa kilichokosekana ni hati tu, kuomba upya huwa nafuu kuliko kesi.

Baada ya kufika

Mkishahamia nyumba yenu ya Ujerumani mna wiki mbili za kuandikisha anwani katika ofisi ya wakazi, mkiwa na barua ya mwenye nyumba iitwayo Wohnungsgeberbestätigung. Kisha omba kibali katika ofisi ya wageni kabla viza haijaisha. Miadi ikichelewa, tuma maombi kwa maandishi na utunze ushahidi, kisha udai cheti cha muda kinachoonyesha kwamba ukaaji wako bado ni halali. Kibali hiki kinakuruhusu kufanya kazi yoyote, ya kuajiriwa au ya kujitegemea.

Mwanzoni kibali hutegemea ndoa. Baada ya kuishi pamoja kama wanandoa Ujerumani kwa miaka 3, mwenza hupata haki yake mwenyewe hata ndoa ikivunjika. Anayepigwa au kunyanyaswa halazimiki kuvumilia hadi miaka hiyo itimie, kwa sababu sheria ina kifungu cha hali ngumu, na simu ya bure 116 016 huwasaidia wanawake saa 24 kwa lugha nyingi. Mashirika kama Caritas na Diakonie nayo hutoa ushauri wa uhamiaji bila malipo.

Mwenza wa Mjerumani anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3 akiwa na Kijerumani cha ngazi ya B1, ambayo ni ya kati, na uraia huweza kufuata. Tangu Juni 2024 Ujerumani haimtaki mtu auache uraia wake wa awali, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu uraia pacha. Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi nyingine, kwa hiyo Mtanzania akishapata ukaazi wa kudumu apime kwa makini kama anahitaji kwenda mbele zaidi ya hapo.