Kabla hujafungua akaunti, angalia kwanza mlango wa kutokea

Nyie mnaouza vitu onlaini, kuanzia Kampala mpaka Busia na Arua, Januari 2021 mnaikumbuka. Siku mbili tatu kabla ya kura Facebook ikafungiwa Uganda, halafu intaneti yote ikazimwa, ilivyorudi Facebook ikabaki imefungwa miaka na miaka, ukiitaka lazima VPN, ile app ya kukwepa kizuizi, na VPN nayo inakula bando ambayo tangu Julai mwaka huo huo inakatwa kodi ya asilimia 12. Mama anayeuza nguo Owino, lile soko la Kampala, alikuwa na wateja wake wote kwa peji moja, ugomvi ni wa serikali na kampuni, yeye hajagombana na mtu, lakini wateja hakuweza kuwabeba aende nao pengine.

Hiyo ya kuwabeba ndo inanifanya nipende Mastodon, mtandao wa kijamii kama Facebook. Sio juu eti ni mpya, iko tangu 2016, aliianzisha Eugen Rochko huko Ujerumani. Haina kampuni moja inayoshika kila kitu, ni seva nyingi, yaani kompyuta zinazotunza akaunti za watu, kila moja na mwenyewe, zinaongea lugha moja inaitwa ActivityPub, kwa hiyo mtu wa seva ile anakufuata wewe wa seva hii bila shida, kama vile wa MTN anavyompigia wa Airtel.

Kazi kubwa iko kwenye kuchagua seva, hapo usikimbie. Wengi wanaingia tu mastodon.social juu ndo kubwa, sio vibaya, ila kama mnajazana wote sehemu moja basi mmerudi kulekule. Ingia joinmastodon.org uone orodha, ukipata seva fungua ule ukurasa wake wa maelezo usome sheria zake, nani anaiendesha, pesa inatoka wapi. Seva zilizo kwenye ile orodha zimeahidi kwamba zikitaka kufunga zitawapa watu notisi ya miezi mitatu angalau, hiyo ahadi usiidharau. Na ujue mwenye seva ana nguvu kwako, anaweza kukufukuza, anaweza kukata mawasiliano na seva nyingine nzima na marafiki zako wa huko wakapotea. Ukisikia mtu anasema huku hakuna bosi, muulize seva analipia nani.

Kujiandikisha ni imeili na paswadi tu, seva zingine zinakuuliza unataka kuingia kwa nini, andika sentensi moja ya ukweli usubiri. Jina lako litakuwa na sehemu mbili, lako na la seva, ukimpa mteja mpe zote mbili ama hatakupata.

Inbox sasa. Zile meseji za mtu kwa mtu Mastodon hazijafungwa kwa siri, mwenye seva akitaka anaweza kuzisoma, kwa hiyo bei ongeleeni hapo, lakini mambo ya pesa peleka Signal au WhatsApp.

Ukishakaa kidogo, nenda setingi, tafuta sehemu ya kuingiza na kutoa data, dawnlodi ile faili ya watu unaowafuata. Hapo hapo omba kopi ya posti na picha zako, inaruhusiwa mara moja kila siku saba. Fanya usiku kama bando yako ya usiku ni ya bei nafuu.

Kuhama kwenyewe: fungua akaunti kwa seva mpya, ndani ya setingi za hiyo mpya andika jina la ile ya zamani kwamba ni yako. Halafu rudi kwa ya zamani, shuka chini kwenye setingi za akaunti, uandike jina jipya na paswadi. Wanaokufuata wanahamishwa wenyewe, hawabonyezi kitu. Wewe unaowafuata unawaingiza kwa ile faili. Posti za zamani ndo hazihami, zinabaki kule, na hapo wengi wanakasirika, mimi naona wateja ni muhimu kuliko picha za mwaka juzi. Ukihama leo itabidi usubiri siku 30 kabla ya kuhama tena.

Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii, pia wanaahidi kuhama, tangu Februari 2024 mtu yeyote anaingia, na ni rahisi kutumia, lakini watu karibu wote bado wako kwa seva za kampuni yenyewe. Kama una domeni yako, yaani anwani ya tovuti yako mwenyewe, itumie iwe jina lako huko, hiyo angalau ni yako.

Intaneti ikizimwa nchi nzima hakuna hata moja kati ya hizi itafanya kazi, kwa hiyo namba za simu za wateja andika kwa daftari. Na ile akaunti uliyohama usiifute, iache hivyo hivyo, mtu akiikuta inamuonyesha umehamia wapi.