Kupanda yungiyungi jekundu la mlimani
Huku Lushoto, yungiyungi jekundu, Scadoxus multiflorus, huchomoza mvua zinapoanza: ua la mviringo lenye vijiua vingi vyembamba vilivyosongamana. Tafadhali usiling'oe msituni. Omba kitunguu chake kwa jirani. Kifukie kwenye mboji iliyochanganywa na mchanga, shingo ibaki usawa wa ardhi, penye kivuli. Mimi nimekiweka chini ya mgomba na sikihamishi, maana mizizi yake haipendi kusumbuliwa. Majani yakigeuka manjano, acha kumwagilia: kimelala, hakijafa. Wengi hukitupa hapo, na inaniuma sana. Ukitaka mbegu, subiri matunda yaive mekundu, ondoa nyama yake, uzipande zikiwa mbichi. Kitunguu kina sumu. Mbuzi na watoto wasikifikie.