Mchezo wa pazia la kanga: kuwafundisha watoto kuutambua moyo wa mwenzao

Nafundisha darasa la awali, watoto wa miaka 4 hadi 6. Mchezo huu unahitaji mkeka na kanga moja tu, na dakika 15 zinatosha.

1. Wakalishe watoto duara, wasizidi 12. Wakizidi, zamu inachelewa na wanaanza kuchokozana. Wawili washike kanga iwe pazia.

2. Anza na hisia nne: furaha, huzuni, hasira na hofu. Wivu na aibu ziache kwanza, ni ngumu kuonyesha. Tumia maneno ya nyumbani. Mtoto huelewa "amenuna" upesi kuliko "ana hasira".

3. Mtoto mmoja aingie nyuma ya pazia, umnong'oneze hisia moja. Wenzake wahesabu hadi tatu, kanga ishushwe, naye aionyeshe kwa uso na mwili bila kusema neno.

4. Hapa ndipo penye kazi. Watoto watapiga kelele, "Kakasirika!" Usiseme wamepata wala wamekosa. Waambie wamuulize mwenyewe: "Umekasirika?" Siku moja mtoto alikunja uso, darasa zima likasema hasira, yeye akajibu taratibu, "Naogopa." Nikawaomba wamtazame upya. Mabega yalikuwa yamepanda, mikono ameibana kifuani. Tangu hapo tunaanza kutazama mabega na mikono, uso baadaye.

5. Akishajibu, wamuulize: "Tukufanyie nini?" Wengi wakikosea huwa ni hapa, maana kila mtu hukimbilia kumkumbatia. Kuna anayetaka kushikwa mkono, na kuna anayetaka aachwe kidogo. Apewe alichoomba yeye.

6. Zamu ya mwisho iwe ya furaha siku zote, wasiondoke wakiwa wazito.

Asiyetaka kuingia nyuma ya pazia ashike kanga, naye anacheza. Usimbembeleze mbele ya wenzake. Na ugomvi uliotokea asubuhi usiufanye mfano wa mchezo, hata kama unafaa sana, kwa sababu mhusika atajiona ameanikwa.

Mtoto akitamka jambo la kweli, kwa mfano kwamba usiku anamwogopa mtu fulani nyumbani, usimhoji pale kwenye duara. Mshukuru kwa kusema, endelea na zamu inayofuata, kisha watoto wakitoka kunywa uji kaa naye pembeni umsikilize.