Jinsi ya kuigiza na kujadili Shakespeare kwenye TV

Kama unaandaa kipindi cha mashairi na tamthilia za kale za Kiingereza, kabla ya yote tafuta Playing Shakespeare, kilirushwa Uingereza na Channel 4 mwaka 1984. Mwongozaji John Barton amekaa na waigizaji wa Royal Shakespeare Company, kina Judi Dench, Ian McKellen na Patrick Stewart, wamevaa nguo zao za kawaida tu, wanajaribu mstari, wanabishana, wanarudia tena. Mimi sijaona shule nzuri kuliko ile.

Chagua kipande kifupi, dakika mbili tatu zinatosha, maana watu wanataka kukisikia zaidi ya mara moja.

Halafu sauti. Jukwaani unairusha mpaka kwa aliyekaa nyuma kabisa, ila kwenye TV maiki iko kifuani na uso umejaa skrini nzima. Kuna dada tulirekodi naye akawa anapaza kama yuko mkutanoni, nikavuta kiti nikakaa mbele yake nikamwambia nisomee mimi tu, basi sauti ikashuka na macho yakaanza kusema, hiyo ndo tuliyotumia.

Sasa mizani. Sisi tuliozoea mizani nane za utenzi hapa hatupati shida: mistari mingi ya Shakespeare ina silabi kumi na mapigo matano, nyepesi nzito, nyepesi nzito, wewe gonga meza kwa kidole uone. Chukua Macbeth, “Tomorrow, and tomorrow, and tomorrow”, hesabu vizuri, zinatoka kumi na moja! Ile ya mwisho imezidi, nyepesi, inaning'inia, kama kesho yenyewe isiyofika mwisho. Usiimeze. Mwigizaji akishaisema mwulize hapohapo kwenye kamera aliisikiaje mdomoni, maongezi yanaanza yenyewe.

Kwenye mjadala achana na swali la “hii inamaanisha nini”, linageuza studio kuwa darasa. Uliza huyu mhusika anataka nini kwa mwenzake sasa hivi. Na ukiweza leta waigizaji wawili kwa mhusika mmoja. Barton alifanya hivyo kwa Shylock, yule Myahudi mkopesha fedha wa The Merchant of Venice, Patrick Stewart na David Suchet wote walishamcheza chini yake, Stewart 1978, Suchet 1981, kila mmoja akaonyesha wake na wakatofautiana kuhusu Uyahudi wa yule mzee una uzito gani kwenye hadithi.

Na ukiwa na watazamaji wa Kiswahili usiache tafsiri ya tamthilia hiyohiyo aliyoifanya Mwalimu Nyerere, 1969. Kwa Kiingereza kichwa kinamtaja mfanyabiashara mmoja wa Venice, yeye akaandika Mabepari wa Venisi, yaani wengi, na neno zito la siasa juu yake. Soma vichwa vyote viwili, mwulize mgeni bepari hapa ni Shylock peke yake au na Antonio, yule mfanyabiashara, yumo, kisha nyamaza, mwache afikiri, kamera ibaki usoni kwake.