Magurudumu ya baiskeli ya mbio kwa barabara mbovu: anza na tairi

Wateja wengi wanaofika kwenye banda langu hapa Arusha huja na swali la ringi: kaboni au alumini, ndefu au fupi? Mimi huwaambia kwanza tuipindue baiskeli, magurudumu juu. Kwenye lami yenye mashimo, matuta na zile rasta za kabla ya vivuko, kinachokubeba ni upepo uliomo kwenye tairi, na fremu ndiyo inayoamua utabeba upepo kiasi gani.

Hatua ya 1: Pima nafasi

Chukua ufunguo wa aleni namba 4. Upitishe kati ya tairi na fremu: kushoto, kulia, chini ya breki, kisha kwenye uma wa mbele. Ukipita bila kugusa, uko salama. Ukikwama, tairi ni nene mno, hata kama linazunguka vizuri ukiwa umeinua baiskeli. Siku ringi itakapopinda milimita mbili, au ukipita kwenye tope, utalisikia likikwangua fremu.

Baiskeli nyingi za mtumba zenye breki za kubana ringi huishia tairi la milimita 25, chache 28. Zenye diski mara nyingi hupokea 30 au 32. Ubavuni utakuta namba kama 28-622: unene 28, na 622 ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi. Lakini tairi la 28 kwenye ringi pana huvimba likazidi 28, kwa hiyo pima likiwa limejaa upepo.

Anayekwambia tairi jembamba la 23 ndilo la mbio, mwache. Mbio za Paris–Roubaix, za Ufaransa, zina zaidi ya kilomita 50 za barabara ya mawe, na siku hizi wanaozigombania hupanda tairi za milimita 30 na kuendelea.

Hatua ya 2: Upana wa ndani wa ringi

Ringi za zamani ni milimita 13 hadi 15. Kwa tairi la 28 tafuta 19 hadi 21. Ringi zisizo na ukingo wa kushika tairi zina kikomo cha bar 5, yaani psi 72 hivi, na hazipokei kila tairi. Ukiwa mtu wa kujazia upepo kwa mashine ya gereji ya magari, achana nazo.

Hatua ya 3: Hesabu spoku

Hapa usifanye haraka. Ukiwa chini ya kilo 80, spoku 28 mbele na 32 nyuma zinatosha. Zaidi ya hapo, 32 mbele na nyuma, au hata 36 nyuma.

Mwaka juzi kijana mmoja aliniletea gurudumu la nyuma lenye spoku 20 bapa. Alipita shimo karibu na Kisongo, moja ikakatika upande wa gia, ringi ikahama ikajibana kwenye breki. Alibeba baiskeli begani mpaka alipopata bodaboda. Spoku za namna ile mjini hakuna. Alisubiri wiki tano. Ingekuwa 32, angefungua breki kidogo na kurudi nyumbani gurudumu likiyumba.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, muulize fundi wako kama urefu wa spoku hizo anao. Chagua za mviringo, zenye kichwa kilichopinda, na nipeli (vile vinati vidogo vya kukazia spoku kwenye ringi) za shaba. Nipeli za alumini huliwa na chumvi, na watu wa Dar na Tanga wanalijua hilo.

Kisha zigonge moja moja kwa ukucha usikilize. Nyuma, za upande wa gia hutoa sauti ya juu kuliko za kushoto. Hiyo ni kawaida. Lakini za upande mmoja zinapaswa kulingana. Ukikuta moja inalia kama uzi uliolegea, gurudumu halijanyooshwa vizuri.

Hatua ya 4: Kimo na malighafi

Chukua ringi ya alumini, yenye kimo (kutoka ukingo wa nje hadi upande wa spoku) cha milimita 25 hadi 30. Ukingo ukibonyea naurudisha taratibu kwa spana na kipande cha mbao. Kaboni ikipasuka, imekwisha.

Hatua ya 5: Ekseli na gia

Pima upana wa nafasi ya gurudumu kwenye uma na fremu. Breki za ringi: kwa kawaida milimita 100 mbele, 130 nyuma. Diski za kisasa: 12x100 mbele na 12x142 nyuma, yaani ekseli yenye unene wa milimita 12, kisha upana. Kaseti (rundo la gia za nyuma) ya Shimano ya gia 8 au 9 kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya gia 11 huhitaji washa ya milimita 1.85.

Hatua ya 6: Upepo

Mtu wa kilo 75 mwenye tairi la 28 na tyubu aanze na psi 65 mbele, 70 nyuma. Mikono ikifa ganzi, punguza tatu tatu. Ukipata pancha ya matundu mawili yaliyo sambamba, ringi imebana tyubu, ongeza.

Baada ya kilomita 100 za mwanzo, lirudishe gurudumu kwa fundi alikaze. Na usisahau spoku za akiba: mbili za nyuma, zifunge kwa tepu kwenye bomba la fremu, moja ya kulia na moja ya kushoto, maana hazilingani urefu.