Jinsi ya kufanya mtihani wa chuo kikuu bila kugombana na kanuni

Nasimamia mitihani ya chuo kikuu na kuisahihisha. Wengi wanaopoteza alama kizembe, au kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu, si kwamba hawakusoma. Utaratibu ndio uliowaangusha. Hatua zifuatazo zinafaa karibu kila chuo. Pale kanuni za chuo chako zinaposema vingine, fuata kanuni.

Hatua ya 1: Hakikisha umo kwenye orodha

Wiki moja kabla, angalia kama jina lako limo katika kila kozi unayofanyia mtihani. Kusajiliwa kwa muhula hakutoshi. Ukikosekana, nenda ofisi ya mitihani siku hiyohiyo. Tumia ratiba ya mwisho, siyo rasimu iliyozungushwa kwenye simu. Mitihani miwili ikigongana, toa taarifa kwa maandishi mapema, maana mlangoni msimamizi hana mamlaka ya kukupangia muda mwingine.

Hatua ya 2: Kagua mifuko

Beba kitambulisho, kadi ya mtihani, kalamu mbili na kikokotoo kinachoruhusiwa. Vikokotoo vinavyohifadhi maandishi hukataliwa sehemu nyingi.

Simu iache nje. Katika vyuo vingi kosa ni kuwa nayo, hata kama imezimwa na hukuigusa. Saa janja nazo ni vivyo hivyo. Kagua pia viganja, kifuniko cha kikokotoo na kasha la kalamu. Namba uliyojiandikia kiganjani jana ukiwa na haraka, leo itabidi uieleze.

Hatua ya 3: Wahi

Vyuo vingi haviruhusu kuingia baada ya dakika 30 za mwanzo, wala kutoka kabla ya muda huo. Fika mapema uitafute namba ya kiti chako ukiwa umetulia.

Hatua ya 4: Soma maelekezo kabla ya maswali

Hapa ndipo alama nyingi hupotelea. Chukua karatasi iliyoandikwa: “Jibu maswali manne. Swali la 1 ni la lazima. Chagua angalau swali moja kutoka kila sehemu.” Hayo ni masharti matatu. Anayejibu maswali manne mazuri bila kugusa la 1 ameshapoteza alama za swali zima. Anayejibu matano naye hapati ziada: mara nyingi husahihishwa manne yaliyotangulia, na lile la tano, pengine ndilo bora, haliangaliwi kabisa. Ukibadili mawazo, kata kwa mstari mmoja jibu usilolitaka, lionekane wazi limefutwa. Usichane ukurasa, kijitabu cha majibu chenye kurasa pungufu huzua maswali yasiyokuwa na sababu.

Andika namba ya usajili, siyo jina, kama kanuni inavyotaka. Anza kila swali kwenye ukurasa mpya na uandike namba yake.

Hatua ya 5: Gawa dakika kwa alama

Mtihani wa saa 3 una dakika 180. Tenga 15 za kusoma na kupitia, zibaki 165. Kama ni maswali matano ya alama 20, kila moja lina dakika 33. Zikiisha, acha nafasi na uende swali linalofuata hata kama sentensi haijakamilika. Alama za mwanzo za swali jipya hupatikana kwa urahisi kuliko mbili za mwisho za swali unalolipamba. Kwenye hesabu onyesha njia. Jibu likikosewa, mtahini bado anaweza kukupa alama za hatua.

Hatua ya 6: Likitokea jambo, nyosha mkono

Ukigundua una kikaratasi mfukoni baada ya mtihani kuanza, usikifiche wala usikitafune (wapo wanaotafuna!). Nyosha mkono, kisha ukikabidhi mwenyewe. Hakuna ahadi kwamba utasamehewa, ila kujisalimisha na kukamatwa haviandikwi sawa kwenye ripoti. Swali likionekana lina kosa, muulize msimamizi, usimwulize jirani. Hata kumwomba jirani rula ni mawasiliano.

Ukituhumiwa, usibishane ukumbini. Omba uendelee kuandika kama kanuni inaruhusu, soma yote fomu utakayopewa kabla ya kusaini, kisha andika maelezo yako kwa kifupi na kwa ukweli.

Ukiugua, sema kabla au wakati wa mtihani na upate cheti cha daktari cha tarehe hiyo. Vyuo vingi vitakupa mtihani maalumu wenye alama kamili. Ukikaa kimya hadi matokeo yatoke, mara nyingi kinachobaki ni sapu (mtihani wa marudio), ambayo alama yake kwa kawaida huishia kiwango cha kufaulu tu.

Hatua ya 7: Kabidhi

Muda ukitangazwa umekwisha, weka kalamu chini. Kuendelea kuandika ni kosa, hata kama ni neno moja. Funga pamoja vijitabu vya ziada, kila kimoja kikiwa na namba yako, na uhakikishe umesaini karatasi ya mahudhurio. Kijitabu kikija kutafutwa baadaye, saini hiyo ndiyo ushahidi kwamba ulikuwepo.