Jinsi ya kuusoma mchoro wa dunia baada ya maangamizi

Watu wengi wakikutana na michoro ya hivi, maghorofa yamebomoka, anga jekundu, roboti limeliwa na kutu, wanasema "duh, kali" halafu wanapita. Usipite, simama hapo hata dakika kumi.

Anza na swali moja: toka janga litokee imepita miaka mingapi? Hapo ndo stori nzima ilipo, na mchoraji anakuwa kaacha majibu kwenye vitu vidogo. Tuseme kachora Posta ya Dar, basi la mwendokasi limelala ubavu na mti umeota ndani ukatokezea dirishani. Angalia shina. Kama ni mche tu basi ni juzijuzi, watu bado wana msiba, lakini kama shina limenenepa mpaka limepasua bodi ujue miaka mingi imepita, na yule mtoto anayecheza pale chini kazaliwa baada ya yote, kwake hayo magofu ni mtaani kwao tu. Maana ya mchoro mzima inageuka hapo. Kutu nayo inasaidia ila uwe makini, huku pwani chumvi inakula bati haraka, usiipimie kama kutu ya Dodoma.

Alafu cheki vivuli. Vumbi na moshi vikijaa hewani jua linaonekana jekundu, sasa kama anga ni jekundu na vivuli ni vifupi basi hayo sio machweo, ni mchana kweupe na hewa bado chafu.

Mwisho tafuta nani kabaki na anafanya nini, mi naona hii ndo muhimu kuliko zote. Mwaka 1796 Mfaransa Hubert Robert alichora ukumbi mkuu wa jumba la makumbusho la Louvre, Paris, ukiwa gofu wakati ukumbi wenyewe umesimama mzima, na katikati ya vifusi kamuweka msanii amekaa anachora sanamu. Paa limeanguka, mtu anachora! Ukishamuona huyo huwezi tena kusema mchoro unahusu uharibifu peke yake.

Na ukibahatika kumkuta mchoraji mwenyewe, mfano pale Nafasi Art Space Mikocheni wasanii wana studio zao humohumo, usimuulize "hii inamaanisha nini", muulize kwanini kile kitu kimoja amekiacha kizima. Hapo ataongea mpaka uombe kiti.